Kaka kapata kazi Ncha ya Kusini, mama hataki kusikia. Aliyewahi kuishi huko aje atuambie ukweli

Binti wa Matamba

Habari za muda huu wakuu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, naomba msinirushie mawe.

Iko hivi. Kaka yangu yuko Marekani mwaka wa nane huu, makaratasi yake ya ukaazi yamekaa sawa, kazi yake ni fundi wa majenereta makubwa ya dizeli, yale ya mahospitali na viwanda. Juzi kapiga simu usiku anasema kapata mkataba kwenye kituo cha utafiti Antaktika, na sio pembeni pembeni, ni pale pale kwenye Ncha ya Kusini yenyewe. Anaingia mwezi wa kumi na moja, ikifika mwezi wa pili ndege zinakoma, anabaki humo mpaka mwezi wa kumi na moja mwingine. Mwaka mzima. Nikamuuliza na ukitaka kutoka katikati je, akacheka, akasema hakuna kutoka.

Kosa langu nilikuwa nimeweka spika, mama akasikia. Mama yuko Matamba huku Makete, analima viazi na pareto kidogo, umri umeenda. Akasema baridi anaijua, kila mwaka mwezi wa saba anaona viazi vinaungua na sakitu, asidanganywe na mtu. Kaka anajitetea sijui nguo watapewa, sijui nyumba zina joto. Mama akanyamaza, halafu akauliza swali moja tu: "Na nikifa, utakuja kunizika?" Kaka akasema mama usiongee hivyo bhana. Simu ikakata, sijui ni salio sijui mtandao sijui kaikata mwenyewe.

Tangu siku hiyo mama hapokei simu yake, mimi ndo nimekuwa tarishi. Kwa hiyo naomba aliyewahi kukaa huko aniambie, maisha ya kila siku yakoje, wanakula nini, wanaoga, simu zipo, na lile swali la mama jibu lake ni lipi maana mimi nimeshindwa. Halafu pamoja na hasira zake zote amefunga mfuko wa maharage na ulezi, na kuna sweta anafuma, anataka nimpe mtu anayesafiri kwenda Marekani tarehe 20 amfikishie. Vitafika navyo huko?

Mnyalu wa Mafinga

Kamwene dada. Mkinga tena anaogopa baridi? Si mnazaliwa na koti kabisa nyie hahaha. Mimi nimewahi kulala Kitulo kwa jamaa yangu mwezi wa saba, asubuhi maji ya kunawa kwenye ndoo yameganda juu kama kioo cha dirisha, nikamuuliza mwenyeji mnaishije hapa, akanijibu leo kuna afadhali. Kaka yako aende akachukue hela. Swali langu mimi, ulanzi kule unapatikana au ndo mpaka mwezi wa kumi na moja?

Mzee wa Soweto

Utani pembeni. Dada, kwanza hakikisha hiyo kazi ni ya kweli. Hapa mtaani kwetu Soweto, Mbeya mjini, kuna kijana alitumiwa barua ya ajira ya Antaktika ina nembo inang'aa, wakamdai hela ya usaili, akatuma, wakamdai ya bima, akatuma, wakamdai ya viza akauza pikipiki. Viza ya Antaktika iko wapi? Ile sehemu haina serikali ya kukugongea muhuri. Inaendeshwa kwa mkataba uliosainiwa mwaka 1959 na nchi 12, Afrika nzima aliyekuwemo ni Afrika Kusini peke yake. Kama kaka yako hajatoa hata senti na wamempeleka kupimwa mwili mzima, hapo sawa. Kama kuna mahali amelipa ili apewe kazi, mwambie arudi akalale.

Binti wa Matamba

Hajalipa chochote mzee wangu, tena analalamika wamempima mpaka meno.

Mwana Rungwe

Ugonile dada. Kama wamempima meno basi ni wenyewe.

Mimi nimekaa huko. Kwetu Tukuyu. Niliingia kwa njia kama ya kaka yako, nasema mapema kabla watu hawajajaa inbox: vituo vya Wamarekani bila makaratasi ya Marekani hawakuangalii, vya Waingereza nao wanataka mwenye haki ya kufanya kazi kwao, ndo mtindo wa karibu wote. Nilianza McMurdo, kituo kikubwa cha Wamarekani pale pwani, nikiosha vyombo kiangazi kimoja, mwaka uliofuata nikapanda Nchani jikoni, nikabaki na msimu wa giza. Natype kwa simu nikiwa mapumziko kwa hiyo mnisamehe mpangilio.

Safari. Unapelekwa kwanza Christchurch, New Zealand. Kuna ghala la nguo, wanakupa koti kubwa jekundu, suruali za juu, glavu za aina tatu nne, na wakati wangu mabuti meupe makubwa yana hewa ndani, ukitembea kama una mito miguuni. Unatakiwa ujaribu vyote pale pale, na Christchurch muda huo hakuna baridi, mimi nilitoka jasho kama niko Kyela mwezi wa kumi na mbili. Halafu ndege ya jeshi, mmekaa ubavuni mmetazamana, vizibo masikioni, hamna stori. Mara ya kwanza tumeruka masaa manne rubani akasema McMurdo hali ya hewa imechafuka, akageuza. Nilikaa hewani masaa manane nikashuka pale pale nilipopandia. Wenyeji hawakushangaa hata, linatokea mpaka wamelipa jina, wanaita bumarangi. Kutoka McMurdo kwenda Nchani ni masaa kama matatu, ndege inatua kwa skii juu ya theluji.

Sasa baridi. Nashuka mwezi wa kumi na moja, wenyewe wanahesabu kiangazi kinaanza, ilikuwa kama nyuzi 40 chini ya sifuri. Dada mwambie mama kwa heshima zote kwamba ile sio baridi ya Makete. Ya Makete inakuingia taratibu, unasogea jikoni, unaota moto, yanaisha. Ile inaunguza. Wiki ya kwanza nilivua glavu nipandishe zipu, sijafikiria nikashika bomba la ngazi kwa vidole vitupu, hata sekunde tatu hazikufika. Kidole cha shahada kikawa cheupe kama mshumaa, sikisikii, kilipopata joto ndo nikajua kipo, nilikanyaga sakafu kwa maumivu kama mtoto. Kikatoa lengelenge. Mpaka leo nikishika soda ya friji hicho kidole kinakumbuka. Na hapo ni kiangazi, giza likiingia inakwenda 60, 70, rekodi ya pale ni nyuzi 82.8 chini ya sifuri, mwaka 1982. Warusi kituo chao cha Vostok walipata 89.2 mwaka 1983, hao ndo mabingwa wa dunia.

Kingine watu hawajui, pale ni juu. Mita 2,835, zaidi ya Kitulo, karibu unafika kilele cha Rungwe, na chini yako karibu yote hiyo ni barafu tupu. Sasa umetolewa usawa wa bahari, masaa matatu umebwagwa juu. Mimi nikajidai mtoto wa milimani, wazungu wanahema kwenye ngazi mimi nawacheka, siku ya pili kichwa kinanitwanga kama kinu. Wanatoa vidonge, anywe, asijifanye Mkinga.

Ila NDANI hakuna shida. Jengo limeinuliwa juu ya nguzo theluji ipite chini, ndani watu wanavaa fulana. Na hapo ndo kazi ya kaka yako ilipo. Yale majenereta sio ya taa tu, joto la injini wanalikusanya linapasha nyumba na linayeyusha barafu huko chini tupate maji ya kunywa. Jenereta ikikohoa usiku kituo kizima kinaamka. Sisi wapishi tulikuwa tunawabembeleza sana mafundi wale, chapati ya kwanza kwao. Kitu wanachoogopa kuliko baridi ni moto, maana hewa ni kavu kupita kiasi, mbao imekauka, maji ya kuzimia ni ya kuyeyusha, na jirani wa kukimbilia hayupo. Kwa hiyo kila mtu anafundishwa zimamoto au huduma ya kwanza, king'ora kikilia hata kama umejipaka sabuni unatoka.

Sabuni imenikumbusha. Kuoga ni mara mbili kwa wiki, dakika mbili za maji. Wenzangu walilia. Mimi nikasema ndugu zangu, kwetu mtu anaoga ndoo moja na kopo na anabakiza ya kusuuzia ndala. Unalowa, unafunga, unajisugua kwa raha zako, unafungua. Ilinitosha na chenji.

Kula wanakula vizuri tu, nyama, samaki, keki, ila karibu vyote vimeganda, ghala lingine ni nje tu, nani ataiba. Mboga mbichi zinakuja na ndege, ndege zikikoma mnabaki na kile kichumba cha kuoteshea mboga kwa taa na maji bila udongo, majani kidogo, nyanya chache. Pale pana kochi. Watu walikuwa wanakwenda kukaa tu, hawachumi kitu, wanakaa wanapumua unyevu. Ugali nilijaribu, kuna unga wa njano wa kufanyia mikate, nikausonga ukatoka uji wa mgonjwa, nikala hivyo hivyo kwa sababu ya jina. Maharage yanachelewa kuiva balaa kwa ule urefu, mtu wa Makete analijua hilo, mpishi mkuu wangu alikuwa wa pwani hakulijua, siku ya kwanza yalirudi yakiwa mawe.

Kazi masaa tisa, siku sita. Jumapili mapumziko. Usafi wa vyoo na korido kwa zamu, uwe profesa uwe muosha vyombo.

Giza lenyewe na lile swali la mama nitarudi jioni, bosi ananiangalia.

Nesi Igawilo

Uzi mzuri. Mimi nauliza kama mtu wa afya, daktari yupo? Maana nakumbuka darasani tulihadithiwa yule daktari Mrusi Leonid Rogozov, mwaka 1961 kituo cha Novolazarevskaya, kidole tumbo kimemshika na daktari ni yeye peke yake, akajipasua mwenyewe. Akachoma ganzi, msaidizi mmoja anashika kioo, mwingine anampa vifaa, yeye anajitoa mwenyewe utumbo ule. Na akapona. Dada usimsomee mama hii.

Binti wa Matamba

Nesi jamani nimeshamsomea hahaha. Kasema huyo Mrusi mama yake hajui.

Aliyesoma Norway

Mimi niwachanganyie kidogo, nilifika upande wa pili, kaskazini. Nilikuwa nasoma Norway nikapata wiki tatu Svalbard, visiwa vyao vya kaskazini kabisa, mji wa Longyearbyen halafu kijiji cha utafiti cha Ny-Ålesund, huko ni latitudo nyuzi 79 kaskazini, nchi kibao zina vituo pale, Wachina wameweka masimba ya mawe mlangoni utadhani mgahawa. Kusini kuna pengwini, kaskazini kuna dubu, msichanganye. Ukitoka nje ya makazi lazima muwe na bunduki kwa ajili ya dubu, na Ny-Ålesund milango ya nyumba haifungwi kwa ufunguo ili ukikimbizwa uingie popote. Mimi Mhehe nilifundishwa kulenga shabaha na msichana mdogo wa Kinorwe, babu zangu wanisamehe. Simu unazima wifi na bluututhi kabisa, kuna madishi makubwa ya kusikiliza anga yanavurugwa, kwa hiyo kwenye kula watu wanaongea. Nilijua sura za watu wote ndani ya siku mbili, bweni la chuo nilikaa miaka miwili sikumjua jirani.

Ila huko kaskazini ndege zipo mwaka mzima, sio gereza kama kwa kaka yako.

Mnyalu wa Mafinga

Jamani ulanzi.

Mwana Rungwe

Nimerudi. Mnyalu, bia zipo, ulanzi hakuna mianzi, pole sana.

Nesi, daktari yupo na msaidizi wake, wana chumba kizuri, ila ni hao hao wawili tu. Ndo maana wanapima sana kabla, mimi nilizibwa meno mawili niliyokuwa sijui kama yana tundu, na kwa wanaobaki msimu wa giza wanapima na akili, maswali mia kadhaa, yale yale yanarudi kwa maneno mengine wakutege. Mwaka 1999 daktari wa kituo hicho hicho, Jerri Nielsen, aligundua uvimbe kwenye titi lake katikati ya giza, dawa zikadondoshwa na ndege mwezi wa saba bila kutua, katolewa mwezi wa kumi. Kwa hiyo wanaosema hakuna kutoka kabisa wanakosea kidogo. Mwaka 2001 na 2016 ndege ndogo zilikwenda msimu wa giza kuchukua wagonjwa, marubani wanahatarisha roho zao, maana baridi ikizidi nyuzi 50 hivi chini ya sifuri ndege kubwa hazitui, mafuta na mabomba yake yanagoma. Lakini hao ni wagonjwa. Kwa msiba haiji.

Giza. Jua linazama mara moja kwa mwaka, mwezi wa tatu, na linachomoza mwezi wa tisa. Kuzama kwenyewe sio kama kwetu, linazunguka pembezoni siku na siku kama mtu anayeaga halafu haondoki, likizama bado kuna wekundu wiki kadhaa, halafu basi. Kiangazi tulikuwa watu kama 150, giza tukabaki arobaini na kitu. Madirisha yanazibwa na mbao mwanga usitoke nje, kwa sababu ya vyombo vya kuangalia nyota. Ukitoka unatumia taa nyekundu. Mwezi unakaa juu wiki mbili bila kutua, halafu unapotea wiki mbili. Na ile mianga ya kijani angani ipo kweli, nimeiona inakimbia kama pazia limepigwa na upepo, nilisimama mpaka kope zikashikana na barafu, mwenzangu akanivuta ndani.

Akili inakuwa nzito. Unaingia stoo unasimama, umefuata nini hukumbuki. Mtu anaongea na wewe anaishia katikati ya sentensi na hakuna anayeona ajabu. Hasira za bure, kuna mtu alimnunia mwenzake wiki mbili kwa sababu ya namna anavyotafuna. Na hakuna harufu. Nje hakuna udongo, hakuna majani, hakuna mbwa, hakuna moshi. Hilo sikulitegemea, nilijiandaa na baridi sikujiandaa na hilo.

Sasa swali la mama.

Mimi nililelewa na bibi mzaa baba. Kabla sijaondoka niliruka nyumbani wiki mbili kuaga, na baba mdogo akanikalisha nyuma ya nyumba, akaniuliza wazi wazi, likitokea jambo kwa mama yetu wewe uko huko, nani atasimama mahali pako. Niliona kama ananichulia. Nikamtaja mdogo wangu. Baba mdogo akamwita, akamwambia mbele yangu, tukamaliza, tukala.

Bibi alifariki mwezi wa sita. Meneja wa kituo aliniita ofisini baada ya chakula cha mchana, nilijua kabla hajaongea kwa sababu alikuwa amesimama. Huko tunatumia saa za New Zealand, mazishi yalikuwa saa tisa alasiri Tukuyu, kwangu saa sita usiku. Intaneti ilikuwa inapatikana masaa machache tu setilaiti ikipita na usiku huo haikuwepo, wakanipa simu ya Iridium, ile ya setilaiti nyingine, mdogo wangu akaweka ya kwake mfukoni mwa shati imewashwa. Sauti inachelewa kidogo. Nikasikia manyunyu kwenye majani ya migomba. Nikasikia mtu anasema sogeeni wazee wapite. Wakina mama wanalia, mchungaji simsikii vizuri, mara moja moja jogoo. Halafu koleo. Ikakata katikati ya sala, nikapiga tena, ikakata, nikapiga tena. Nilivyorudi hewani walikuwa wanatupia udongo, na nikamsikia mdogo wangu anasema kwa Kinyakyusa huu wa kwangu, kimya kidogo, na huu wa kaka.

Nikatoka pale nikakaa jikoni, nilikuwa sina pa kwenda, nje giza nyuzi 60 na kitu. Asubuhi wenzangu waliniuliza kwenu mnafanyaje. Nikawaambia hatufanyi kitu, watu wanakuja wanakaa tu na wewe, siku kadhaa, na hawakuachi ufanye kazi. Sikuwaambia ili wafanye, niliulizwa nikajibu. Jioni mmoja wa wale wa darubini akaja na kiti chake, hajui kuongea na watu yule, akakaa. Wakaja wengine. Zamu yangu ya vyombo nikakuta vimeoshwa, siku ya pili vimeoshwa, siku ya tatu vimeoshwa na fundi jenereta kaunguza mkono na maji ya moto hana uzoefu.

Kwa hiyo dada, jibu la mama ni hapana. Akifa kati ya mwezi wa pili na wa kumi, kaka yako haji. Asimdanganye, mama mwenyewe ameuliza kwa sababu anajua. Mwambie kaka akae naye kwenye simu waongee kama baba mdogo alivyoongea na mimi, amtaje mtu.

Mzee wa Soweto

Mwana Rungwe pole sana kaka. Nimesoma nimetoka nje kidogo.

Nesi Igawilo

Ndaga fijo kwa kutuandikia. Mimi mtu wa vyombo vilivyooshwa kaniliza, sio koleo.

Binti wa Matamba

Wakuu samahani nilipotea, nilipanda Matamba Jumamosi, barabara mnaijua, mtandao ndo huo wa kupanda kichuguu.

Nimemsomea mama yote, nimekaa naye jikoni nasoma yeye anapuliza moto. Pale pa koleo hakusema kitu. Nilipofika pa vyombo akaniuliza hao waliomwoshea walikuwa wazungu? Nikasema nadhani karibu wote. Akasema hee. Akaendelea kupuliza. Baadaye kabisa tumeshakula, akasema mpigie kaka yako. Tukapanda juu kwenye mtandao na tochi, wakaongea Kikinga, mimi akanisogeza pembeni kidogo lakini nilisikia jina langu limetajwa, na kaka upande wa pili kimya muda mrefu. Kwa hiyo nadhani ni mimi.

Mwana Rungwe hujajibu la mzigo. Maharage na ulezi na sweta.

Mwana Rungwe

Maharage na ulezi hapana, msimpe hata huyo wa tarehe 20, ni mbegu hizo. New Zealand uwanja wa ndege wanapekua mpaka soli, na Antaktika yenyewe sheria inakataza kuingiza udongo au mmea wa nje, tulisugua mabuti na tukageuza mifuko ya makoti nje ndani wakatafuta vumbi. Mle nyie tu.

Sweta ruhusa, na atalipenda, ndani lile koti jekundu halivaliki, ni zito. Ila mwambie mama alikague vizuri kabla ya kufunga. Mimi sweta langu la kutoka nyumbani lilikutwa na kishona nguo tatu kwenye mkono, yule dada wa ukaguzi akazitoa kwa kibanio akaziweka kwenye kibahasha kama amekamata dawa za kulevya.

Binti wa Matamba

Hahahaha. Hilo sweta analifumia shambani wakati wa kupumzika, limejaa kishona nguo mwili mzima. Nimempigia sasa hivi nikamwambia. Kasema mtu wa tarehe 20 aende zake, yeye mkono wa kushoto bado hajaumaliza, na hizo za kulia ameshaanza kuzitoa moja moja, miwani yake ya kusomea Biblia iko wapi, niliondoka nayo?

Niliondoka nayo kweli, iko kwenye pochi. Kesho nairudisha na basi la saa kumi na mbili.